Aliyekaa kimya kwenye simu hajasema hapana

Simu inaita ukiwa shambani. Unajifuta mikono, unapokea, na sauti iliyorekodiwa inakuambia: kama utahitaji mbolea ya kupandia bonyeza moja, kama huhitaji bonyeza mbili. Unaiondoa simu sikioni, unatafuta tarakimu, jua limepiga kwenye kioo huoni kitu. Unapoipata moja, simu imekatika.

Mwaka jana nilipigiwa simu ya namna hiyo na muuzaji wa pembejeo wa kwetu. Nilipokwenda kuchukua mifuko yangu niliambiwa orodha inaonyesha kuwa sihitaji. Sikuwa nimebonyeza chochote! Majirani zangu kadhaa yaliwakuta hayo hayo, na mvua haikutusubiri.

Sisemi simu hizi ziachwe. Naona vyama vyetu vya msingi, wakusanya maziwa na wauza vifaranga wamechelewa kuzitumia. Hazidai intaneti wala kujua kusoma, zinafika hata kwenye kitochi, na gharama ni ya anayepiga. Karani mmoja hawezi kuwapigia wanachama 300 asubuhi moja, kompyuta inaweza. Programu ya Asterisk, iliyoanzishwa na Mmarekani Mark Spencer mwaka 1999, inapatikana bure. Kijana anayeijua kazi hiyo anaweza kuiagiza ipige namba moja baada ya nyingine, itoe swali, isikilize jibu na kuliandika kwenye faili.

Inasikilizaje? Kitufe unachobonyeza katikati ya simu hufika upande wa pili kama sauti mbili kwa pamoja. Moja ni mitetemo 697 na 1,209 kwa sekunde. Tano ni 770 na 1,336. Ni utaratibu wa zamani, wateja wa simu Marekani walianza kuutumia mwaka 1963. Kompyuta ikisikia jozi hiyo inaijua tarakimu. Isiposikia kitu ndani ya muda iliyopangiwa, haijui lolote, na aliyeandika programu ndiye anayeamua nini kiandikwe. Hapo ndipo tulipoumia sisi. Nafasi iliyokuwa tupu ilijazwa "hapana".

Kwa maoni yangu, simu inayouliza habari za pembejeo au fedha iwe na majibu manne, si mawili: ndiyo, hapana, amepokea lakini hakubonyeza, na hakupokea. Hao wa makundi mawili ya mwisho wapigiwe tena jioni watu wakiwa nyumbani, na wasipopatikana karani awatafute mwenyewe. Sekunde tano za kusubiri zinamtosha aliyekaa ofisini. Mwenye jembe mkononi apewe 15, na swali lirudiwe. Kisha mfumo umsomee mkulima alichojibu: "Umeagiza mifuko mitatu, kama ni sawa bonyeza moja." Kitufe cha sita kiko chini kabisa ya kile cha tatu, na kidole kinene hakichagui. Mifuko mitatu ya ziada ni deni la msimu mzima.

Lipo na la kukataa moja kwa moja. Simu ikikutaka ubonyeze namba ya siri ya M-Pesa au ya benki, ikate. Tarakimu zote unazobonyeza zinaweza kubaki kwenye faili la aliyekupigia, awe tapeli au awe chama chako mwenyewe, na kila anayelifungua faili hilo atazisoma. Kuagiza mbolea hakuhitaji namba ya siri.

Yule muuzaji wetu ameongeza kitufe cha sifuri kwa anayetaka kuzungumza na mtu. Nilikijaribu wiki iliyopita. Karani alipokea, akaniuliza jina na kijiji, akaniandikia mifuko mitatu, kisha akanisomea tena.