EA Inanunuliwa kwa Mkopo, Deni Analipa Nani?

Wadau, leo tuachane kidogo na bifu za mastaa, tuongelee gemu.

Ingia banda la gemu hapa Singida mjini jioni, utakuta vijana wamejazana, aliyefungwa anaachia pedi, mwingine anakaa. Mpira wanaocheza wengi unatoka kampuni ya Marekani, EA. Tarehe 29 Septemba 2025 ilitangazwa kwamba EA inanunuliwa kwa dola bilioni 55. Wanunuzi ni PIF, yaani mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Saudi Arabia, pamoja na Silver Lake na Affinity Partners.

Washkaji wakashangilia, eti mzigo umeingia, sasa gemu litakuwa kali. Taratibu basi! Humo ndani bilioni 20 ni mkopo. Na kwa manunuzi ya staili hii, deni huwa linabebwa na kampuni iliyonunuliwa. Litalipwaje? Njia rahisi ni mbili: kupunguza watu au kumkamua mchezaji.

Msiseme natabiri mabaya. Microsoft ilimaliza kuinunua Activision Blizzard Oktoba 2023 kwa karibu dola bilioni 69, tena kwa hela taslimu. Januari 2024 ikatangaza kupunguza wafanyakazi 1,900 upande wa gemu. Mei ikatangaza kuifunga Tango Gameworks ya Japani, waliotengeneza Hi-Fi Rush, gemu lililosifiwa kinoma. Oktoba 2025, Game Pass Ultimate kule Marekani ikapanda kutoka dola 19.99 hadi 29.99 kwa mwezi. Kama mwenye hela yake anafanya hivyo, mwenye deni je?

Sisemi kununuliwa ni kubaya siku zote. Hiyo hiyo Tango ilikuja kuokolewa na Krafton ya Korea Kusini, ikaichukua pamoja na Hi-Fi Rush yake. Kwa hiyo ishu ni mnunuzi amefuata nini: gemu au faida ya haraka?

Huku kwetu maumivu yatafika kimya kimya. Mwenye banda akiuziwa gemu kwa bei ya juu, hela yake ataifidia kwenye mechi yako ya jero. Ushauri wangu: diski ya zamani inayocheza bila bando usiitupe, na hela ya nauli usinunulie pakiti za wachezaji.

Au mimi ndo nina wasiwasi sana? Tiririka hapo chini.