Tujifunze Lugha: «Soy» ao «estoy»?



Dada mmoja wa Butembo anajitayarisha kwenda kuishi na masista kule Gine ya Ikweta, inchi ya Afrika ambako Kihispania ni lugha ya serikali. Anatuandikia hivi: «Nilituma barua kwa mama mkubwa wa kule, kumwambia niko tayari. Niliandika "soy lista". Akajibu kwamba wanafurahi kumpata binti mwerevu. Nilisikia haya sana. Kosa liko wapi?»

Pole, dada. Usivunjike moyo, kosa hilo ni la wanafunzi wengi. Pale Kifaransa kina kitenzi «être» peke yake, Kihispania kina viwili: «ser» na «estar». «Soy lista» ni kusema: mimi ni mwerevu. «Estoy lista» ndiyo: niko tayari.

Wengi wanafundishwa kwamba «ser» ni ya mambo ya kudumu, na «estar» ya mambo ya kupita. Kanuni hiyo inadanganya. Kufa si jambo la kupita, lakini Wahispania wanasema «está muerto».

Basi weka Kifaransa kando, ushike Kiswahili:

1. Penye NI, tumia «ser». Mimi ni wa Butembo: «soy de Butembo». Yeye ni mrefu: «es alta».

2. Penye -KO, tumia «estar». Niko Butembo: «estoy en Butembo».

3. Penye -ME- ya hali ambayo mtu amekaa nayo, tumia «estar». Nimechoka: «estoy cansada». Ameketi: «está sentada». Amekufa: «está muerto». Lakini «nimekula» ni tendo, si hali. Hapo «estar» haiingii.

Muangalie pia: sherehe iko parokiani, wao wanasema «la fiesta es en la parroquia», kwa sababu sherehe ni jambo linalofanyika, si kitu kilichowekwa mahali.

Lakini musidanganyike na Kiswahili chetu cha sokoni. Hapa kwetu tunasema «niko mwalimu», «iko mukubwa». Hiyo «iko» inameza yote, sawa na «être». Kwa hiyo, mbele ya kutafsiri, andika kwanza sentensi yako katika Kiswahili cha kitabu. Ndicho kitakachokuonyesha njia.

Dada, andika barua ya pili: «Estoy lista». Werevu wako watauona wenyewe ukifika.

Tuonane mwezi ujao.