Benchi Halifi kwa Mvua

Kila baridi inapouaga mtaa wetu wa Kilburn, London, nyuma ya zile nyumba za matofali za zama za Malkia Victoria, ambazo siku hizi zimegawanywa hata familia nne hukaa palipokaa moja, watu hutoka kufunua maturubai yaliyofunika meza na mabenchi yao tangu Oktoba, wakakuta miguu imeoza na ukungu umetanda. Nao, badala ya kulishitaki turubai, huishitaki mvua. Hukumu hiyo naiona ni dhuluma.

Ubao hauozi kwa kunyeshewa, bali kwa kunyimwa wasaa wa kukauka. Kuvu waletao uozo hawastawi mpaka unyevu wa ndani upite kiasi cha asilimia 20 na kudumu humo. Na turubai la plastiki lililofungwa mpaka chini huudumisha kwa uaminifu mkubwa, ilhali miguu, ambayo hunyonya maji kwa ncha zake, pale nyuzi za mti zilipokatwa, imesimama dimbwini juu ya saruji. Basi tiba ya kwanza ni nyepesi hata hudharauliwa: kila mguu uinuliwe kwa kipande cha mpira, na turubai liachwe wazi chini upepo upite. Wazee wetu wa Lamu na Unguja, waliopaka vyombo vyao vya baharini sifa (mafuta ya papa) juu na deheni (chokaa na shahamu) chini, hawakuanza na kupaka. Chombo kilikwanguliwa kwanza, kikakauka.

Ama rangi ya kijivu ya msaji, aghalabu watu huidhani maradhi, kumbe ni jua tu lililovunja lignini, ile gundi ya asili ishikayo nyuzi, na mvua ikaiosha. Mwenye kuifukuza kwa mashine ya maji ya kasi hung'oa nyuzi laini na kuchimba vifereji ambamo maji yatalala. Sabuni na brashi laini zatosha. Msonobari ndio wenye haja ya mafuta ya kitani, baada ya siku kadhaa kavu (zikipatikana!), na vitambaa vilivyotumika vitandazwe nje, kwani mafuta hayo yakaukapo hutoa joto, na vitambaa vilivyorundikwa chini ya ngazi huweza kujiwasha vyenyewe, familia nne zimelala.

Benchi langu nililiokota kando ya njia, nikakata uozo wa mguu mmoja. Jirani yangu wa juu, mzee wa Kiairishi, hulikalia kila jioni ya kiangazi, akilalamika kuwa layumba.