Binetou hakuiba bwana ya mtu



Wengi wetu tumekwisha kusoma kitabu cha Mariama Bâ kinachoitwa Une si longue lettre. Ni kitabu kidogo. Kilitoka Dakar mwaka 1979, na mwaka 1980 kikapewa zawadi ya Noma, zawadi kubwa ya vitabu vya Afrika. Mwandishi mwenyewe alikuwa mwalimu, na alikufa mwaka 1981. Lakini kitabu hakikufa, na mabishano yake hayakwisha. Uliza mu klasi yoyote: katika hadithi hii ni nani mbaya kupita wote? Wavulana na wasichana watajibu kwa sauti moja: "Ni Binetou! Ule mutoto njo alibomoa nyumba ya benyewe!"

Mimi nakataa, na nataka kusema juu ya nini nakataa.

Kwanza tukumbuke habari yenyewe, kwa wale ambao hawajasoma. Ramatoulaye ni mama wa watoto 12. Bwana yake Modou alimwacha nyuma ya miaka 25 ya ndoa, akaoa msichana mdogo, Binetou. Sasa Modou amekufa, na Ramatoulaye yuko katika siku za matanga, anamwandikia rafiki yake Aïssatou barua ndefu. Tunasoma barua ile, tunalia pamoja na mama, na machozi yakikauka tunatafuta mtu wa kulaumu. Binetou njo yuko karibu.

Lakini tuangalie vizuri: Binetou ni nani? Ni mwanafunzi. Alikuwa anakaa klasi moja na Daba, binti wa Ramatoulaye, wanatayarisha egzame pamoja kama sisi tunavyotayarisha egzame ya Serikali. Nyumbani kwao walikuwa maskini. Yule mzee alianza kwa kumnunulia nguo nzuri. Kiisha akasema anataka kuoa. Binetou hakuruka kwa furaha. Daba mwenyewe anaeleza kwamba rafiki yake alikuwa na huzuni, na kwamba mama ya Binetou alimlilia binti yake, alimwomba amtoe katika shida, apate kumalizia uzee katika nyumba nzuri. Mtoto alikubali. Akatolewa masomo. Mzee akawa anamlipa pesa kila mwezi kama vile bourse, na wazazi walipata safari ya Maka.

Sasa niambieni, wandugu: mwizi ni nani hapo? Mtu anayenunua ng'ombe soko, hatumwambii ng'ombe kwamba yeye ni mwizi. Modou alikuwa mtu mzima, mwenye kazi na elimu, alijua bibi yake ni nani na binti yake ni nani. Tena alimchukua rafiki ya binti yake mwenyewe. Lakini sisi tunamruka yeye, tunamkamata mtoto wa masomo. Sisi wa shule hii tunajua habari ya Mfalme Daudi na bibi ya Uria. Nabii Nathani alipotumwa kwenda kukemea, alikwenda kwa nani? Hakwenda kwa Bathsheba. Alikwenda kwa mfalme.

Na mwisho wake Binetou alipata nini? Modou alikufa na moyo, deni zikabaki, na Daba akaja na karatasi za sheria kuwatoa katika ile nyumba nzuri. Wasomaji wengi wanapiga mikono hapo. Mimi sikuweza kupiga. Niliona msichana asiye na bwana, asiye na nyumba, na asiye na diploma, wakati rafiki yake wa klasi amekwisha kuwa mtu mkubwa. Wote wawili walianza kwenye banc moja.

Hapo nataka kuleta kitabu cha pili, ili tupime. Ni Sous l'orage, cha Seydou Badian wa Mali, kilichotoka mwaka 1957. Badian alikuwa munganga, na njo yeye aliandika maneno ya wimbo wa taifa wa Mali. Katika kitabu chake kuko msichana Kany. Anasoma, na anampenda Samou, kijana wa masomo kama yeye. Baba yake, mzee Benfa, anataka kumtoa kwa Famagan, mchuuzi tajiri mwenye wake tayari. Kany anakataa. Kila mtu mu klasi anamsifu: "Kany njo mwanamuke wa kweli! Eko na roho nguvu!"

Ndiyo, Kany ana roho nguvu. Lakini soma tena, hesabu watu walio karibu naye. Kaka yake Birama anasimama upande wake. Samou hakimbii. Wanapopelekwa kijijini kwa baba mkubwa Djigui ili wanyooshwe, wanamkuta kule Tiéman, munganga wa dispensaire, anayejua kusema na wazee bila kuwadharau. Mwisho wazee wenyewe wanakwenda kumwomba Benfa, naye anakubali. Je, Kany peke yake angeshinda? Mimi nafikiri hapana.

Binetou hakuwa na Birama, hakuwa na Tiéman. Alikuwa na mama analia. Njo tofauti kati ya wasichana wawili hawa, na haiko tofauti ya roho nzuri na roho mbaya. Ukimweka Kany katika nyumba ya Binetou, sijui kama angefika mbali.

Labda mtu atasema: hizo ni habari za Senegal na Mali, za zamani, hapa Lubumbashi kuna sheria. Ni kweli, sheria iko. Code ya familia ya mwaka 1987 ilikubali msichana aolewe akiwa na miaka 15, lakini mvulana alingoje 18. Mwaka 2009 sheria ya kulinda watoto ilikataza ndoa ya mtoto, na mwaka 2016 Code yenyewe ikabadilishwa: sasa ni miaka 18 kwa wote wawili. Ni vizuri sana. Lakini sheria haiji nyumbani jioni wakati minervali haijalipwa. Masomo ya primaire ni ya bure tangu mwaka 2019. Sisi wa secondaire tunaendelea kulipa, na kila mtu anajua katika familia yenye watoto wengi, pesa ikipunguka, nani anaambiwa abaki nyumbani kwanza. Na huyu anayebaki nyumbani njo anaonekana na mzee mwenye gari. Mu Katuba, mu Kenya, mu Ruashi, Binetou yuko. Anauza mkate barabarani, na sisi tunapita na uniforme tunasema: "Ule aliacha masomo, eko anapenda franga."

Kwa wavulana nina neno pia. Mkisoma Sous l'orage, kila mmoja wenu anajiona Samou, mpenzi wa Kany. Ni rahisi. Mimi nawauliza swali lingine: nyumbani kwenu, wewe ni Birama ao wewe ni Sibiri? Sibiri ni yule kaka mkubwa aliyesimama na baba, aliyeona dada yake hana neno la kusema. Siku wanapokutana kwa mali ya dada yako, wewe utahesabu vitenge na mbuzi, ao utauliza kama amemaliza masomo? Tena kuko wengine wanaokwenda Kolwezi kuchimba madini, wanarudi na pesa nyingi mfukoni, na kwa miaka michache Samou amekwisha kugeuka Famagan. Muangalie sana.

Wako wanaosema vitabu vya namna hii havifai katika shule ya Kanisa, kwa sababu vinasema mambo ya wanaume na wasichana. Kule Tanzania walifikiri vilevile: Rosa Mistika cha Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971, kilizuiliwa kwanza mashuleni, juu kilionyesha bila kuficha namna msichana anapotea. Baadaye walikubali kisomwe. Mimi naona walifanya vema. Mtoto asiyesoma habari hizi katika kitabu atazisomea barabarani, na barabara haina mwalimu wa kumweleza.

Ninacholilia ni kwamba Binetou wa kwetu hajaandikwa. Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi wa mwaka 1981, aliandika Tram 83, kilichotoka mwaka 2014, na kinasomwa katika lugha nyingi za dunia. Ni hadithi ya mji wa migodi na ya bar yake, na sisi wa hapa tunatambua mambo mengi. Lakini ni kitabu cha watu wakubwa, na wasichana wadogo mule ndani tunawaona kutoka meza ya bar. Hatujui walikuwa wanakaa banc gani mu klasi, na ni mwezi gani minervali ilikosa. Ninyi mnaopata points nzuri katika rédaction, kazi ndiyo hiyo inawangoja.

Wakati tunangoja kitabu hicho, kuko jambo tunaloweza kufanya bila pesa. Nafasi ya mwenzetu ikibaki tupu wiki nzima, tusianze kucheka na kutunga habari. Wawili waende kwao wamwulize mama yake kwa heshima, kiisha wamwambie mwalimu ao préfet mbele mambo hayajaharibika. Tiéman hakuwa mtu mkubwa, alikuwa munganga wa kijiji aliyekubali kwenda kusema na wazee. Kama Daba angalikwenda na wenzake wa klasi kwa mama ya Binetou, labda Ramatoulaye hangekuwa na barua ya kuandika.

Anayenipinga achukue kalamu anijibu. Gazeti ni letu sote.

Mwanafunzi wa kike, 3ème Pédagogie