Tusiwape Wanachuo Skripti Iliyokwisha Andikwa

Katika chumba cha kompyuta cha chuo chetu imo seva inayohifadhi vitabu na maandalio ya masomo. Programu inayovitoa kwa wasomaji ilikuwa na desturi ya kusimama ghafla, hata wanachuo wakakosa maandalio yao usiku wa kuamkia mazoezi ya kufundisha. Dawa yake ni skripti ya sheli, wala sisemi sheli ya mafuta: ni amri chache zilizoandikwa katika faili, ambazo kompyuta huzitekeleza kwa mfululizo. Hutazama kama programu ingali hai. Ikiwa imesimama, huiwasha tena. Programu nyingine iitwayo cron huiamsha skripti hiyo kila dakika.

Mwanzoni niliwapa wanachuo skripti niliyoiandika mwenyewe. Wakainakili kwa hati nzuri, wasijifunze kitu. Darasa lililofuata niliwaacha waandike wao, na kosa lao la kwanza likatufaa kuliko maelezo yangu yote. Walitumia amri ya ps kuorodhesha michakato inayoendelea, kisha grep kulitafuta jina la programu katika orodha hiyo. Tukaizima programu kwa makusudi. Skripti ikanyamaza kana kwamba hapana lililotokea! Walihangaika karibu kipindi kizima, nami nikajizuia kusema, jambo gumu kwa mkufunzi. Hatimaye mmoja wao akaisoma orodha mstari kwa mstari: grep nayo ni mchakato, na jina inalolitafuta limo ndani ya amri yake. Ilikuwa imejiona yenyewe. Ni kama mwalimu aitaye mahudhurio pasipo kuinua macho, mtoro akaitikiwa na jirani yake. Nilipowaonyesha pgrep, ambayo haijihesabu, walijua kwa nini ipo.

Wako wenzangu wasemao kwamba mwalimu wa shule ya msingi hana haja na mambo haya. Sikubaliani nao. Aliyezoezwa kunakili atafundisha kunakili, hata katika hesabu na sayansi.

Nilitoa sharti moja tu: kila programu inapowashwa upya, skripti iandike tarehe na saa katika faili. Kwa kulisoma faili hilo wanachuo waligundua kwamba programu husimama saa za kujisomea usiku, wengi wanapofungua vitabu vikubwa kwa pamoja. Kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ikijaa, na Linux, ikiishiwa nafasi, huua mchakato ili mashine nzima isikwame. Ombi la kuongezewa kumbukumbu wamekwisha liandika wenyewe, nakala ya faili lile ikiwa imeambatishwa.