Vita vya Mbali Vikiingia Sebuleni

Mwezi huu nilikuwa nimewaandalia somo la lishe ya mtoto anayeachishwa ziwa, lakini barua ya mama mmoja wa Morogoro imenifanya niliweke kando. Anaeleza kwamba mumewe na shemeji yake hawaketi tena meza moja kwa sababu ya vita vya Urusi na Ukraine. Kila mmoja ana habari zake ndani ya simu, huyu akishangilia Moscow na yule Kyiv, na kijana wake wa miaka 17 hukesha hadi saa nane za usiku akitazama vifaru vikiungua. Anauliza ni nani kati yao anayesema kweli, na yeye kama mama afanye nini.

Tangu Urusi ilipoingiza majeshi yake Ukraine kwa wingi tarehe 24 Februari 2022, habari nyingi za vita hivyo hupitia mtandao wa Telegram, ambamo mtu yeyote aweza kufungua ukurasa na kutangaza apendavyo. Ukurasa mmoja mashuhuri huitwa Rybar. Una wafuasi zaidi ya milioni moja, na huchora ramani za mapigano. Mwanzilishi wake aliwahi kufanya kazi katika kitengo cha habari cha Wizara ya Ulinzi ya Urusi, kwa hiyo anajua mambo mengi, na anajua pia yapi ya kuyanyamazia. Waukraine nao wana ramani yao iitwayo DeepState, nao wana nchi yao ya kuitetea.

Wapo pia watu wasio wa jeshi lolote. Mwingereza mmoja wa mji wa Leicester, Eliot Higgins, baba mwenye mtoto mdogo, alianza mwaka 2012 kufuatilia vita vya Syria akiwa nyumbani kwake. Hakujua Kiarabu. Alichofanya ni kutazama video kwa subira, akilinganisha majengo na alama za silaha mpaka akatambua picha ilipigwa wapi na silaha ilitoka wapi. Mwaka 2014 akaanzisha Bellingcat. Kinachonipendeza ni kwamba wao huonyesha hatua kwa hatua walivyofikia jibu, kama sisi wauguzi tunavyoandika katika faili la mgonjwa: nani alipima, saa ngapi, akakuta nini. Asiyesadiki aweza kupima tena.

Sasa niwape mfano, tena wa wodi ya wazazi, maana huko ndiko ninakokujua.

Tarehe 9 Machi 2022 hospitali ya wazazi mjini Mariupol ilipigwa bomu. Waandishi wa shirika la habari la Associated Press, Mstyslav Chernov na Evgeniy Maloletka, walikuwa bado mjini humo. Maloletka alimpiga picha mama mjamzito akibebwa juu ya machela, mkono ameuweka kwenye tumbo. Hospitali alikopelekwa walikuta nyonga yake imepondeka. Wakampasua, mtoto akatoka bila dalili ya uhai. Wakahangaika na mama zaidi ya nusu saa, naye akafariki. Mama mwingine, aliyeonekana akishuka ngazi akiwa na majeraha usoni, alijifungua mtoto wa kike, na wote wawili wakapona.

Muda si muda kurasa za washabiki wa Urusi zikatangaza kwamba picha zile ni maigizo. Walisema yule mama wa kwenye ngazi ni mwanamke wa kuonyesha vipodozi mtandaoni, ati amepakwa rangi ionekane kama damu, na kwamba ndiye huyo huyo aliyelala juu ya machela. Ubalozi wa Urusi mjini London ukayarudia maneno hayo, mpaka Twitter ikayafuta. Wakati huo huo Waziri wa Mambo ya Nje wa Urusi, Sergei Lavrov, alikuwa akisema hospitali ile imekwisha kutekwa na wapiganaji na wazazi wote wameondolewa. Hebu zipimeni hadithi hizo mbili. Moja inasema palikuwa na waigizaji waliojifanya wamepigwa bomu, nyingine inasema pale ni kambi, kwa hiyo palistahili kupigwa. Haziwezi kukaa pamoja, lakini mshabiki humeza zote mbili kwa chai moja.

Baadaye yule mama alikuwa katika eneo lililoshikwa na Urusi. Akihojiwa na mtangazaji wa upande huo, alisema hakusikia ndege, na neno hilo likaenezwa kana kwamba limefuta yote. Lakini hakusema kwamba aliigiza. Aliieleza BBC jinsi alivyoumizwa na tuhuma hiyo, na vitisho alivyopokea vya kuuawa yeye na mwanawe. Nimehudumia wazazi kwa miaka mingi. Mama aliyepasuliwa juzi hata mlango ukibamizwa hutetemeka. Huyu alikuwa akisoma maneno ya wageni wa nchi za mbali wakimwita mwongo kuhusu damu yake mwenyewe.

Wataalamu walioteuliwa chini ya shirika la OSCE la Ulaya walitoa ripoti yao Aprili 2022, wakasema shambulio lile lilikuwa la Urusi. Filamu ya Chernov, 20 Days in Mariupol, ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2024.

Wasishangilie upesi wale wa Kyiv. Katika siku za kwanza za vita walieneza habari za rubani shujaa aliyeitwa Mzimu wa Kyiv, eti ameangusha ndege nyingi peke yake. Video mojawapo ilitoka katika mchezo wa kompyuta, na mwishoni mwa Aprili 2022 jeshi la anga la Ukraine lenyewe lilikiri kwamba ni hekaya. Hata walinzi wa Kisiwa cha Nyoka, waliotangazwa kuwa wamekufa wote, walikutwa hai wakiwa mateka.

Basi, dada wa Morogoro, mumeo na shemeji yako wameazima ugomvi wa watu ambao hawawajui hata kwa jina. Simu zikae kabatini wakati wa chakula, na wewe uwe wa kwanza kuiweka yako. Huyo kijana anahitaji usingizi wa saa nane hadi kumi kila usiku, hivyo simu isilale naye chumbani. Mchana keti naye. Mwombe akuonyeshe video moja, kisha muulizane ni nani aliyeipiga na wapi, na upande wa pili unasemaje. Usimgombeze. Ukimgombeza ataendelea kutazama akijificha.

Nasema haya kwa sababu vita hivi vimekwisha kuchukua watoto wa kwetu. Januari 2023 serikali ya Tanzania ilithibitisha kifo cha Mtanzania aliyekwenda Urusi kusoma, akafungwa, kisha akaahidiwa msamaha akijiunga na kundi la Wagner. Aliuawa Ukraine Oktoba 2022. Na Oktoba 2024 Associated Press ilieleza habari za wasichana wapatao 200, wakiwamo wa Uganda, Rwanda na Kenya, walioitikia matangazo ya mtandaoni ya kazi na masomo huko Alabuga, nchini Urusi. Waliahidiwa tiketi ya ndege na mshahara. Walipofika, wengi walijikuta kiwandani wakiunganisha ndege zisizo na rubani za kupiga Ukraine, na baadhi walilalamika kwamba kemikali ziliwachoma ngozi.

Matangazo yale yaliwalenga wasichana wa miaka 18 hadi 22. Binti yako au wa jirani akija na tangazo la namna hiyo, lisomeni pamoja mstari kwa mstari. Kama halisemi atatengeneza nini, amwulize mwenye tangazo kwa maandishi, na pasipoti ibaki kwenye sanduku lako mpaka jibu lifike.