Kiunzi Kikuukuu, Daraja Jipya

Wahenga walinena: kipya kinyemi, ingawa kidonda. Kasoro hiyo tunayo tunapojadili ujenzi wa madaraja.

Katika shughuli za reli duniani, upo utaratibu wa miaka mingi. Magari-moshi yanapozidi uwezo wa daraja, kiunzi chake cha chuma hung'olewa. Badala ya kuyeyushwa, huweza kupelekwa kwenye njia ndogo yenye mizigo myepesi, kikawa daraja dogo jipya. Hata Uingereza, iliyojenga reli yetu ya kwanza, haikuona haya. Daraja la Hungerford, mjini London, lilifunguliwa mwaka 1845, likabomolewa mwaka 1860 kupisha daraja la reli. Minyororo yake ilipelekwa Bristol kujengea Daraja la Clifton, lililofunguliwa mwaka 1864 na ambalo lingali limesimama.

Basi na tuitazame Kibera, inayokatwa na reli iendayo Kisumu. Mashimoni, kama jina lake linavyodokeza, ni mahali pa mabonde na mitaro. Mvua inyeshapo, mtoto aendaye shule huhitaji kivuko imara, si ubao uliotupwa juu ya maji. Je, viunzi vidogo vinavyostaafishwa na reli yetu kongwe haviwezi kumvusha?

Wako watakaouliza: kwa nini mkazi wa Mashimoni apewe makuukuu? Swali hilo ni la haki. Hata hivyo, dharau haimo katika umri wa chuma, bali katika kutokipima. Chuma huliwa na kutu. Tena huchoka kwa kubeba mzigo mara nyingi mno, kikafanya nyufa zisizoonekana kwa macho. Kiunzi kilichokaguliwa na mhandisi, kikapewa mzigo mdogo kuliko uwezo wake, ni salama kuliko kipya kilichojengwa kwa ulaghai.

Walimu wa fizikia wana somo tayari hapa: nguvu, uzito na uimara wa maumbo. Wanafunzi nao wajifunze kuuliza, "Limepimwa na nani?" kabla ya kuuliza, "Ni jipya?"

Mwaka 2022 serikali ilisitisha kwa muda biashara ya vyuma chakavu, baada ya mali ya umma kuharibiwa. Hatua hiyo haitoshi. Shirika la Reli liviorodheshe viunzi vyake vya zamani, livipime na kutangaza vinavyofaa, kabla ya kimoja kuuzwa kwa kilo.